Wajibu wa Jamaa kwa Waliotibiwa Saratani ya Matiti

(Mada iliyosomwa na akinamama mbele ya jamaa wa msikiti, Kariakoo, Dar es Salaam)



Tunamshukuru Allah (s.w.) aliyetujaalia uhai na akatukutanisha katika nyumba hii. Tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Sisi tunaozungumza nanyi leo ni akinamama tunaosali nyuma ya pazia katika misikiti ya Kariakoo, Gerezani na Ilala. Wengine wetu huuza khanga na vitenge Mtaa wa Kongo, wengine ni mama lishe, wengine tumebaki nyumbani tukilea wajukuu. Kilichotukutanisha ni kuwa sote tumepata kutibiwa saratani ya titi.

Tuliomba ruhusa ya kusema kwa sababu moja. Mawaidha yanayotolewa kuhusu maradhi haya ni mazuri, lakini mengi huishia kwenye mlango wa hospitali. Watu huhimizwa wakapime, mgonjwa huombewa dua, na akirudi nyumbani akiwa hai jamaa humshukuru Mola, kisha kila mtu huendelea na shughuli zake. Yeye ndiye anayebaki na mkono uliovimba, bega lisilonyanyuka na dawa ya kumeza kwa miaka. Tungependa kueleza kinachobaki baada ya tiba, na yanayowapasa jamaa kuyatenda.

Je, inafaa kulisema jambo hili msikitini?

Wapo waliotuuliza kama ni adabu kulitaja titi katika nyumba ya ibada. Tunawakumbusha habari za Bibi Rufaida al-Aslamiyya wa Madina. Mama huyu alikuwa na hema lake la kutibia majeruhi katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.), na Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume mwenyewe aliagiza apelekwe katika hema hilo. Ikiwa majeraha ya watu yalipata nafasi katika msikiti ule, hapana shaka maneno yetu haya nayo yanayo nafasi katika misikiti yetu.

Stara ni amri, nasi tunaishika. Lakini baibui linalotusitiri limekuwa pia likiwafichia jamaa hali zetu. Mtu anatusalimia, anaona tunatembea, anasema, "Alhamdulillah, mama kapona." Hajui kilichomo chini ya vazi.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu wapatao 670,000 walifariki kwayo. Wanaume nao huipata, ingawa kwa uchache sana. Hapa Tanzania ni saratani ya pili kwa wanawake baada ya ile ya shingo ya kizazi. Tathmini ya huduma za maradhi haya nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kuwa takriban asilimia 80 ya wanawake hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwishafika hatua ya tatu au ya nne.

Tunaomba tarakimu hii ya mwisho izingatiwe sana. Aliyegunduliwa mapema huenda akaondolewa uvimbe mdogo tu na titi likabaki. Aliyechelewa, ikiwa bado yumkini kupasuliwa, mara nyingi huondolewa titi lote pamoja na matezi ya kwapani, akapewa dawa kali za mishipani, kisha mionzi. Kwa hiyo kuchelewa kunahatarisha uhai, na hata kwa aliyesalimika kunamwachia madhara makubwa zaidi ya kuishi nayo. Madaktari wanawake wa MEWATA, walipoanza kampeni zao za uchunguzi wa matiti mwaka 2005, walikuwa wakipigania jambo hilo hilo: ugonjwa uonekane ungali mdogo.

Wengi wetu tulipelekwa Ocean Road, katika yale majengo ya kando ya bahari yaliyoanzishwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, ambayo sheria ya mwaka 1996 iliyafanya kuwa taasisi ya taifa ya saratani. Kutoka Kariakoo si mbali. Lakini aendaye kupigwa mionzi huenda siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa, na njia fupi hurefuka kila siku kwa mtu aliyeishiwa nguvu.

Yanayobaki mwilini

Kwanza ni mkono. Mwilini mna mishipa myembamba inayokusanya maji yaliyozagaa katika nyama na kuyarudisha kwenye damu, yakipitia katika matezi. Matezi ya kwapani yakiondolewa, au yakikakamazwa na mionzi, njia ya maji hayo huziba na mkono wa upande ule huanza kuvimba. Kati ya wanawake walioondolewa matezi mengi ya kwapa, takriban mmoja katika kila watano hupatwa na hali hiyo. Huweza kuanza baada ya miezi michache, au baada ya miaka mingi mtu akiwa amekwishasahau. Huanza kwa pete kukaza na mkono wa gauni kubana. Hakuna dawa ya kuuondoa moja kwa moja, ila uvimbe huweza kudhibitiwa.

Sisi watu wa pwani tunalijua tende, na wengi wanaouona mkono wetu husema ni tende au ni mkono wa mtu. Mishipa inayohusika ni ile ile, lakini sababu ni mbalimbali. Tende la pwani huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Huu wetu umeletwa na tiba iliyotuokoa. Si uchawi, wala hauambukizi. Anayekataa kula chakula kilichopikwa na mkono huo anadhulumu.

Pili ni bega na kifua. Kovu hukaza, bega hugoma kupanda, ngozi ya chini ya kwapa hufa ganzi. Wapo wanaohisi kuwashwa mahali ambapo titi halipo tena.

Tatu ni athari za dawa. Baadhi ya dawa za mishipani huacha ganzi na michomo katika vidole vya mikono na miguu. Baadhi huweza kudhoofisha moyo. Uchovu hudumu miezi, wakati mwingine miaka. Kumbukumbu hupungua: mfanyabiashara aliyekuwa akikumbuka madeni ya wateja thelathini bila kuandika, sasa anasahau chenji. Hedhi huweza kukoma kabla ya wakati wake. Wenye saratani inayolishwa na homoni hupewa vidonge, kama vile tamoksifeni, vya kumeza kila siku kwa miaka mitano, na wengine hadi kumi. Vidonge hivyo hupunguza hatari ya ugonjwa kurudi, lakini huleta joto la ghafla na jasho la usiku. Dawa nyingine za namna hiyo hudhoofisha mifupa.

Nne ni hofu. Kikohozi cha siku tatu au maumivu ya mgongo, ambayo kwa mwingine ni jambo dogo, kwetu huamsha swali lile lile: je, umerudi? Imani haituondolei hofu hiyo, bali inatufunza mahali pa kuipeleka.

Ibada ya mwenye udhuru

Dini yetu ni nyepesi, lakini mara nyingi watu ndio wanaoifanya nzito. Mwenzetu mmoja aliacha kuja kusali jamaa kwa muda mrefu kwa sababu alinong'onwa kuwa anasujudu vibaya. Bega lake halikuweza kubeba uzito wa mwili. Asiyeweza kusimama anasali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa anasali kwa ubavu. Hukumu hii inajulikana na kila mtoto wa madrasa. Basi asiyeweza kusujudu kikamilifu ainame kadiri awezavyo, na anayeswali pembeni yake ashughulike na swala yake mwenyewe.

Kuhusu udhu, maji si adui wa mkono uliovimba. Maji safi yasiyo ya moto yanaufaa. Muhimu ni kuukausha vizuri, hasa baina ya vidole, ili ngozi isichanike. Mwenye kuvaa soksi ya kubana mkono kwa kawaida aweza kuivua, akaosha, akakausha, kisha akaivaa tena. Aliyefungwa bendeji ambayo daktari amekataza isifunguliwe, huyo ana hukumu ya mwenye jeraha lililofungwa, na amuulize sheikh wake. Mwenye ganzi ya miguu asitembee pekupeku juu ya sakafu ya ua wakati wa adhuhuri, kwani ataungua na asijue. Kandambili safi za kuvaa kutoka birikani hadi kwenye mkeka ni jambo dogo lenye kumwepusha na kidonda.

Katika mwezi wa Ramadhani, anayechomwa dawa kali ana ruhusa ya kula, nayo ni ruhusa ya Mola wake, haihitaji kibali cha jirani. Anayetumia tamoksifeni ya mara moja kwa siku, akiwa na afya nzuri, aweza kuimeza wakati wa kufuturu au wa daku, kwa ushauri wa daktari wake. Kosa ni kuacha dawa mwezi mzima kimya kimya kwa kuona haya.

Tunaulizwa pia kuhusu titi la bandia. Wengi wetu hushona kifuko cha pamba na kukitia mtama kidogo ili kipate uzito, kwa kuwa bila hicho mabega hulala upande na mgongo huuma. Tuliambiwa kwamba huko ni kubadili maumbile. Tuliwauliza wanazuoni, wakatukumbusha habari za sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Alijitengenezea pua ya fedha, ikamletea uvundo, na Mtume (s.a.w.) akamwagiza ajifanyie ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kuondoa aibu na maudhi ya kiungo kilichopotea ni jambo jingine kabisa, mbali na kujipamba kwa kiburi.

Madhara yanayoletwa kwa nia njema

Hapa tunaomba masikio ya ndugu zetu wanaotibu kwa tiba za asili na tiba za Sunna. Hatupingi hijama. Tunalosema ni kwamba mkono uliovimba baada ya kuondolewa matezi usichanjwe, usipigwe chale wala usiumikwe. Mkono huo hauna ulinzi wake wa kawaida. Tundu dogo la wembe laweza kuingiza vijidudu, na kwa usiku mmoja mkono ukawa mwekundu, wa moto, wenye maumivu, na homa ya kutetemeka ikafuata. Hiyo ni dharura ya kwenda hospitali siku ile ile. Mwenzetu mmoja alilazwa kwa sababu hiyo, na aliyemchanja alikuwa ndugu yake mwenyewe, aliyemtakia kheri.

Vivyo hivyo kukanda kwa nguvu na kukandika maji ya moto sana. Ukandaji unaofaa ni mwepesi mno, kama kupapasa, na hufundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Piko la harusini ambalo huunguza ngozi tuliepuke kwenye mkono huo. Bangili za kubana tuzivae mkono mwingine. Na tuepuke kuumwa na mbu kadiri iwezekanavyo, ingawa kwa bonde letu hili la Msimbazi twajua si kazi nyepesi.

Riziki na mizigo

Wazee wetu hutusimulia kuwa jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliokuwa na kambi yao hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mpaka leo mji huu unaishi kwa mabega ya watu. Mwanamke wa hapa hunyanyua robota la vitenge, sufuria la wali, ndoo ya maji ya ghorofa ya tatu. Alipotibiwa anaambiwa, "Usinyanyue kitu." Basi atakula nini?

Kwa miaka mingi waliotibiwa walikatazwa hata mazoezi. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofanywa kwa wanawake 141 wenye mikono iliyovimba. Nusu yao walifundishwa kunyanyua vyuma kidogo kidogo, mara mbili kwa juma, wakiwa wamevaa soksi za mikono na chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja mikono yao haikuwa imevimba zaidi kuliko ya wenzao wasionyanyua, na vipindi vya uvimbe kuzidi vilikuwa vichache zaidi kwao. Hii haina maana ya kurudi kwenye robota kesho asubuhi. Maana yake ni kwamba mkono huu haukufa. Hujengwa nguvu taratibu, kwa mpango na kwa mafunzo, na mwenyewe hana haja ya kukaa kama mtu aliyesubiri kuzikwa.

Ndani ya nyumba zetu

Tunafika kwenye jambo zito kuliko yote. Sote tunaisimulia kwa sifa habari ya Urwa bin Zubayr, mwana wa Bibi Asmaa binti Abubakar (r.a.), aliyekatwa mguu ulioliwa na maradhi akiwa safarini Sham, na katika safari hiyo hiyo akafiwa na mwanawe. Alimshukuru Mola kwa viungo alivyobakishiwa na watoto aliobakishiwa. Hakuna aliyemwona Urwa kuwa amepungukiwa uanaume. Watu walimzidishia heshima. Basi kwa nini mwanamke aliyekatwa titi, akasubiri na akashukuru, aambiwe kwamba si mwanamke kamili?

Mmoja wetu alipewa talaka majuma machache baada ya upasuaji. Hatukuja hapa kubishana na sheria ya talaka wala ya mitala. Zinajulikana na zina mipaka yake. Tunasema kwamba mume atakuja kuulizwa juu ya wakati aliouchagua. Mwingine kati yetu ana mume mchukuzi wa mkokoteni hapa sokoni. Mtu huyu hakusoma sana. Tangu mkewe atoke hospitali, kila alfajiri humtekea maji ya udhu kabla ya kwenda kazini, na jioni humsaidia kuifunga bendeji ya mkono kama alivyofundishwa na muuguzi. Hajawahi kutoa mawaidha popote, lakini sisi tunamhesabu kuwa mwalimu wetu.

Tunawaomba wanandoa wazungumze. Ukavu na maumivu yanayoletwa na dawa yana ufumbuzi, na daktari aulizwe bila kuona haya. Anayemeza tamoksifeni asishike mimba katika kipindi hicho, na shauri la uzazi wa mpango lifanywe na daktari, kwa kuwa njia zenye homoni kwa kawaida hazimfai.

Tunayowaomba jamaa

Ndugu zetu, mambo yetu ni machache na yote yamo katika uwezo wa misikiti yetu.

Kwanza, kamati za zaka ziwatazame wanawake ambao mtaji wao umeishia kwenye nauli, vipimo na dawa. Wengi wao wanaingia katika mafungu yanayojulikana ya maskini na wadaiwa, ila haya inawazuia kugonga mlango.

Pili, Baitul-mal inunue soksi za kubana mikono. Soksi moja hulegea baada ya miezi sita hivi na inahitaji kubadilishwa. Bila hiyo uvimbe hurudi.

Tatu, viwekwe viti vichache nyuma ya pazia, na pafahamike kuwa mwenye kukitumia haulizwi sababu.

Nne, maimamu wanaposuluhisha ndoa wawaeleze waume haki za mke mgonjwa kwa uwazi ule ule wanaoeleza haki za mume.

Tano, jamaa wamsindikize mgonjwa kliniki hata baada ya tiba kwisha. Siku ya kwenda kusikia majibu ni siku nzito kuliko siku ya upasuaji.

Sita, kila mwanamke anayetusikia aujue mwili wake. Uvimbe usiouma, chuchu iliyoingia ndani, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa au majimaji ya damu, asiyangojee yapite. Aende kituo cha afya juma hilo hilo.

Tulikuja mbele yenu tukiwa tisa. Tulipoanza kukutana tulikuwa kumi na mmoja. Wawili wametutangulia, na wa mwisho wao alituusia tusiache kuyasema haya. Tunamwomba Allah (s.w.) awarehemu, awaponye walio vitandani, awape subira wanaoishi na kilichobaki, na azifanye nyoyo zetu sote laini kwa wenye maradhi. Aamin.